Bega la Salmini

Newala, 4 Juni 2023

Mwanangu Rahima,

Nimekuficha jambo, na sasa nimechoka kulibeba. Kwenye kisomo cha arobaini ya marehemu baba yako Salmini uliniuliza ni nani aliyepiga ngoma siku ile Salmini alipoimba wimbo wa mama yako hapa Newala. Nikakujibu kwamba ni Erasto, na kwamba mimi nilikuwa nasimamia mitihani. Erasto siku hiyo alikuwa kwao Nanganga, amelala na homa. Aliyepiga ni mimi. Nilisimama karibu na baba yako kiasi kwamba ningenyoosha fimbo ningemgusa mgongoni.

Kwa nini nilisema uongo, usiniulize kwa sasa.

Daktari amemwandikia binti yangu Veridiana kwamba moyo wangu umepanuka. Miguu imevimba, na siwezi kulala chali. Nalala nimeketi, kama abiria. Mtu anayelala hivyo hukumbuka mambo mengi bila kutaka. Simu usinipigie, masikio yangu ya uzee unayajua. Veridiana huipokea yeye, kisha hunipigia kelele mpaka majirani wanazijua habari zangu kabla yangu. Andika, umpe Sultani wa basi la asubuhi. Huniletea mpaka mlangoni.

Nataka nikuachie kitu. Ile ngoma yangu ya kusimama iliishia kwa mchwa, lakini namna ya kuitengeneza bado ninayo. Wewe una karakana ya makochi, na mwanao Dauda anachomelea mageti. Mkitaka, nitawaandikia yote, tangu mguu hadi ngozi.

Salamu kwa wote.

Baba Veridiana,
Nikolao


Masasi, 11 Juni 2023

Shikamoo Baba Veridiana, shikamoo mtani wangu mwongo,

Barua yako nimeisoma katikati ya karakana, kisha nikaketi juu ya kochi la mteja lililokuwa halijakauka gundi. Sketi imeharibika. Ujue una deni la sketi.

Kwanza nilikasirika. Kisha nikacheka peke yangu, Dauda akazima mashine kuja kuniangalia. Mmakonde anasema uongo kwenye kisomo cha Myao, anakula pilau, na nyingine anafungiwa kwenye mfuko wa kwenda nayo Newala! Kwa nini, mtani? Huko kwenu maji mnayapangia foleni, uongo ndio mnaomwagiana bure?

Lakini sasa hebu tuache utani. Unajua ninachokitaka. Mama yangu Mwanaisha alikufa sijaanza kutembea. Sina picha yake wala nguo yake. Baba aliniambia kitu kimoja tu: kwamba kabla hajamuoa alimtungia wimbo, akauimba mara moja, Newala, kwenye dansi la mchana la Sabasaba, watu wote wakasimama kumtazama mama. Baada ya mama kufa hakuuimba tena. Nilipokua nikamwomba walau aniambie maneno yake. Akasema, "Waulize waliokuwepo, mimi siwezi." Nimewatafuta. Wapiga gitaa wamekufa, wa tarumbeta amekufa, Erasto amekufa. Nilidhani umeisha.

Kumbe uko wewe, na ulisimama nyuma yake!

Niandikie maneno, Baba Veridiana. Yote unayoyakumbuka, hata yakiwa nusu. Ngoma nitaitengeneza, nakuahidi, lakini maneno kwanza. Na ukifa bila kunipa, mimi kama mtani wako nitakuja huko, nitajilaza chali ndani ya kaburi lako, waniache hapo mpaka mtu wa ukoo wenu aniimbie. Nawaonea huruma wachimbaji.

Wako,
Rahima, Mama Dauda


Newala, 20 Juni 2023

Mama Dauda,

Kaburini ujilaze tu, ni haki yako. Beba kanga nzito, uwanda wetu una baridi mwezi huu.

Maneno yatakuja. Nipe nafasi, mkono huu unaandika kama kuku anayechakura. Leo nitakupa ngoma.

Ni ngoma moja ndefu, si nyingi kama za bendi za siku hizi. Kimo chake kitoke chini ya goti hadi kiunoni, upana wake kama sufuria la kupikia wali wa familia. Mimi nilichongewa na mzee wa Chiungutwa kutoka gogo la msufi, kwa sababu ni jepesi. Wewe unaweza kutumia mbao nyembamba za karakana yako ulizozilowesha na kuzikunja. Ngozi mbili, juu na chini. Isimamishwe juu ya miguu mitatu ya chuma ili chini kubaki uwazi, na katika uwazi huo unaweka pedali. Hapo ndipo watu hushangaa: kirungu cha pedali hakipigi kwenda mbele, kinapiga kwenda juu, kwenye ngozi ya chini. Kwa hiyo mpigaji amesimama wima, mguu unapiga tumbo la ngoma kwa chini, mikono inapiga uso wake kwa juu. Mtu mmoja, ngoma moja, sauti mbili.

Mwambie Dauda pedali yangu ilitoka kwenye baiskeli. Spring ilikuwa ya tandiko. Kirungu ni kipande cha tairi kilichofungwa blanketi. Spring iwe na nguvu ya kukirudisha haraka. Kirungu kikiganda kwenye ngozi, ngoma inakosa pumzi. Chini ya ngozi ya juu pitisha nyaya za breki zilizofumuliwa, zigusane nayo kidogo tu. Pembeni funga sinia dogo la shaba badala ya toazi.

Ngozi uipashe moto mpaka ikaze, kama tunavyofanya na chinganga, kile kingoma chetu chembamba kinachochomekwa ardhini. Ukitaka kujua kama imekaa sawa, usisikilize. Weka kiganja ubavuni mwa ngoma, halafu kanyaga pedali. Inatakiwa ikurushe kama mtoto tumboni.

Watu walisema nasimama kwa maringo. Wengine walisema ni kwa sababu ukumbi wa ushirika ulikuwa mwembamba. Ukweli, mpiga ngoma anayeketi hufichwa nyuma kama mtunza stoo. Mimi nilitaka kuwa mbele, pembeni, ninapomwona mwimbaji.

Nimechoka. Veridiana ananinyang'anya kalamu.

Nikolao


Masasi, 9 Julai 2023

Shikamoo Baba Veridiana,

Umetuunguza.

Mwili wa ngoma ulitoka vizuri. Dauda akachomelea miguu mitatu, pedali akaitengeneza mara nyingi mpaka ikatii. Ngozi ya mbuzi ikakosekana ya kutosha upana huo, kwa hiyo nikaagiza Dar ngozi mbili nyeupe za dukani, nzuri, zinang'aa. Nikazifunga. Halafu nikasoma barua yako: ngozi uipashe moto. Nikawasha mkaa. Nikaisogeza ngoma kama unavyomsogeza mgonjwa kwenye jua. Mtani, ile ngozi ilijikunja! Ikatoa harufu ya ndoo iliyoungua, ikatoboka katikati. Dauda akaniuliza, "Mama, wewe si ndiye unayetukataza kuweka plastiki jikoni?" Mafundi wote wa jirani walikuja kuangalia. Kuna mmoja Mmakua hajaacha kucheka mpaka leo. Ananiita Mama Choma.

Kosa ni langu, hukujua kama ni plastiki. Lakini utalipia pamoja na sketi.

Tumechinja beberu, ngozi inakauka.

Sasa, maneno. Umeandika kurasa mbili za miguu na nyaya, hata mstari mmoja wa wimbo hakuna. Nilimweleza mjomba Muharami, yule uliyemfundisha darasa la sita. Akacheka, akasema, "Huyo ni Mwalimu Andika! Hakutaka jibu la mdomo hata siku moja. Ukinyoosha kidole, anakwambia njoo ubaoni, andika. Iweje leo kuandika kumemshinda?"

Nikakumbuka na maneno ya baba. Alikuwa akisema kwamba rafiki yake Nikolao hakuwahi kumsifia wimbo hata mmoja, ila akiimba ulikuwa ukimtazama mdomoni kama mwenye njaa. Baba aliona umependa nyimbo zake ila hukutaka kumvimbisha kichwa.

Kwa hiyo nimekaa nikafikiri, na nitakuuliza bila kona. Je, wimbo haukuwa wa mama? Alikuwepo mwanamke mwingine, na unamlinda marehemu? Kama ndivyo, sema. Mimi ni bibi sasa, nina wajukuu. Sitavunja kitu. Kinachoniumiza ni kukaa hivi, najua maneno yapo ndani ya kichwa cha mtu, na mtu huyo moyo wake umepanuka.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Rahima


Newala, 23 Julai 2023

Rahima,

Hakuna mwanamke mwingine. Futa hilo kabisa leo.

Nitakwambia nilichokiona. Mama yako alikuwa mlangoni, upande wa kulia, hakuingia ndani kwa sababu alikuja na shangazi yake. Alivaa gauni la rangi ya kijani na kilemba cheupe. Vumbi la salfa lilikuwa kwenye viatu vyake. Watu walikuwa wametoka kunyunyizia mikorosho, wote tulikuwa na salfa miguuni. Baba yako alikuwa amemaliza wimbo mwingine. Akamwona. Akaiacha sehemu yake ya pembeni, akasogea hatua moja mbele yangu, akanipa mgongo, akamgeukia yeye. Akaanza. Wenzetu wa gitaa walitazamana, hawakuujua. Wakamtafuta polepole. Wachezaji wakaacha, kisha mmoja mmoja wakaanza tena, lakini kwa mguu mwingine, mzito kidogo. Mama yako aliinamisha uso. Shangazi yake alimshika mkono kama anayetaka kuondoka naye, halafu akauacha. Nililiona hilo, na nimeliona tena kila mwaka wakati salfa inaponuka.

Ngoma ya wimbo huo naijua. Hiyo naweza kukupa bila shaka yoyote. Ngozi ya mbuzi ikishafungwa, usiiache ikapata ukungu wa asubuhi, halafu simama hivi: uzito kwenye mguu wa kushoto, wa kulia uwe huru kwenye pedali.

Mguu kwanza, chini, mmoja. Mikono miwili juu, wa kulia kisha wa kushoto, haraka, kama mtu anayekung'uta unga. Mguu tena, mara mbili, ya pili nyepesi. Halafu nyamaza. Usijaze hapo. Hapo baba yako alikuwa akinyanyua bega lake la kushoto, na bega likiwa juu hakuna kitu kinachopigwa, mkono wala mguu. Likishuka, gusa sinia, kisha urudie mwanzo. Usikimbie. Wachezaji wa siku ile hawakukimbia.

Nafasi ile ya bega ndiyo wimbo wenyewe. Ukiijaza umeuharibu.

Nimevimba hadi magotini. Padri alikuja jana, tukasali. Kuna jambo sijamwambia hata yeye.

Nikolao


Masasi, 27 Agosti 2023

Shikamoo Baba yangu,

Leo sitaniani sana. Nina mengi.

Ngoma imekamilika. Niliweka kiganja ubavuni kama ulivyosema, nikakanyaga, ikanirusha. Dauda alidhani nalia kwa sababu ya moshi. Nimejifunza kwa wiki kadhaa baada ya kazi, nimesimama, miguu inawaka moto. Majirani wamezoea. Yule Mmakua sasa ndiye anayenishikia sinia lisicheze.

Nikapata habari kwamba kule Nanganga yuko bibi mmoja, Kibibi, ambaye ujanani alikuwa hakosi dansi hata moja, toka Masasi hadi Newala. Nikampakia Dauda na ngoma kwenye Bajaji ya mizigo, tukaenda. Bibi amezeeka, anasahau jina la mwanawe. Nikamwuliza kuhusu wimbo wa Salmini, akasema hamjui Salmini yeyote. Nikasema basi, nimekuja bure, acha nipige kidogo nipumzishe roho.

Nikasimama uani kwake. Mguu, mikono, mguu mara mbili, nyamaza.

Baba Veridiana, yule bibi aliinua kichwa. Nilirudia. Akaanza kusogeza miguu pale pale alipoketi, ule mguu mzito uliosema. Mara ya tatu, nilipofika kwenye nafasi ya bega, alifungua mdomo akaimba ndani yake neno moja: "Mwanaisha." Halafu sinia likalia, na yeye akaendelea, "usifunge mlango, bado naja."

Ni mstari huo tu. Nilipiga mpaka mikono ikafa ganzi, hakuna kingine kilichotoka. Lakini jina la mama yangu linaingia kwenye nafasi yako kama kitasa kwenye tundu lake. Halizidi wala halipungui.

Nimeimba mstari huo kila siku tangu nirudi. Nimewafundisha wajukuu.

Sasa nakuomba jambo moja tu, na baada yake sitakusumbua. Mwisho wa mwezi ujao Dauda anataka nipige mbele ya watu, kwenye harusi ya binti wa rafiki yake, na nataka niseme huu ni wimbo wa Salmini, alimwimbia Mwanaisha. Sitaki kusimama mbele ya watu nikaimba maneno ya bibi anayesahau. Wewe ulikuwepo. Niambie: ndivyo alivyoimba? "Usifunge mlango, bado naja"? Andika ndiyo au hapana. Neno moja linatosha.

Mwanao,
Rahima


Newala, 3 Septemba 2023

Mwanangu Rahima,

Ndiyo au hapana. Nimekaa na maneno hayo mawili tangu Sultani aliponiletea barua yako. Ningeandika "ndiyo" ungefurahi, na hakuna aliye hai wa kunipinga. Niliiandika hata. Karatasi hiyo nimeichoma.

Siwezi kukujibu, na leo nitakwambia sababu.

Nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne niliugua kifua. Nilichomwa sindano kila siku kwa miezi mingi, mahali nisipotaka kupataja kwa sababu waliniponya. Nilirudi na kifua kizima. Kitu kingine hakikurudi, na nilikigundua kidogo kidogo: ndege kwanza, kisha watoto darasani, kisha mama yangu mwenyewe akiniita kutoka jikoni. Nilikuwa nimetoka tu kupata ajira ya ualimu. Niliogopa kurudishwa nyumbani. Niliogopa zaidi kuonewa huruma. Kwa hiyo nikaamua hakuna atakayejua.

Wanafunzi nikawaita ubaoni waandike. Muharami alicheka sawasawa, ila hakujua anacheka nini. Watu wengine nikajifunza kuwasoma midomoni. Ngoma ilibaki, kwa sababu ngoma huja na ardhi, hupanda kwenye nyayo. Baba yako aliponiita kwenye bendi sikukataa, nilikuwa kijana na nilitaka sana. Ila mpiga ngoma anayeketi nyuma haoni mdomo wa mwimbaji. Ndiyo maana nikasimama. Ndiyo maana nikawa na ngoma moja tu, ya kuwekwa mbele pembeni, inayoniruhusu kumtazama Salmini usoni na kuona miguu ya wachezaji. Maringo hayakuwepo, wala wembamba wa ukumbi.

Nyimbo zake zote nilizijifunza kwenye mdomo wake, wakati wa mazoezi, yeye ameketi mbele yangu na bilauri ya chai. Ule wa mama yako hakuuleta kwenye mazoezi. Aliutoa pale pale, na alipoutoa alinipa mgongo. Nilichobaki nacho ni bega lake la kushoto na miguu ya wale watu. Nikavifuata hivyo.

Baada ya dansi alinijia akiwa amelowa jasho, akanishika mabega yote mawili, nikayaona maneno yake vizuri: "Vipi, Nikolao? Umeusikiaje?" Nikamwambia ni mzuri kuliko zote. Alinikumbatia. Urafiki wetu ulikaa juu ya jibu hilo hadi alipokufa, na sikupata ujasiri wa kulitengua. Ulipokuja wewe na swali lako kwenye arobaini, nikamtaja Erasto kwa sababu wafu hawaulizwi maneno.

Miaka yote hii nimekuwa nikiiacha ile nafasi. Naipiga kwa vidole kwenye mkono wa kiti, nafika pale, naacha. Nilijua tu bega linapanda. Kwamba ndani yake kulikuwa na jina la mama yako, nimejua kwa barua yako, na nimeisoma mara nyingi mpaka Veridiana ameuliza kama kuna msiba.

Mwamini Kibibi. Miguu yake ilikuwepo na masikio yake yalikuwepo. Kapige harusini. Simama mbele, si nyuma.

Na siku ya kunizika ukija kama mtani, utaniiga, ndiyo desturi, na watu watacheka. Usiniige mwenye maringo, wala mlevi, wala mwalimu mkali. Niige nilivyokuwa. Simama, kodoa macho kwenye midomo ya watu, tikisa kichwa kama unayekubali. Veridiana ataelewa, naye bado hajui, amezoea kudhani ni umri.

Masikio haya si ya uzee, Rahima. Siku ile ya Sabasaba, nimesimama nyuma ya baba yako, sikusikia hata neno moja. Nilikuwa kiziwi tangu kabla sijamjua.

Nikolao